Hali ya Hewa ya Ng'ambo

Mwaka aliozaliwa mzee huyu siujui, na habari za ukoo wake wenyeji watazieleza vizuri kuliko mimi. Mimi ni mtu wa kuja. Nilitoka Homa Bay pamoja na mume wangu alipopata kazi katika ofisi za kaunti Nyamira, tukapanga nyumba Kebirigo, nami nikafungua duka la dawa pale sokoni. Mwenye nyumba wetu alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa amewafundisha jiografia nusu ya watu wazima wa sehemu ile, na hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu tu, hata kwa wajukuu wake. Miaka yote tuliyokaa uani pake, kazi niliyomwona akiifanya kuliko nyingine yoyote ilikuwa kutazama mbingu.

Kila siku, akishamaliza chai ya saa kumi, alivaa. Alianza na gambuti, akaja koti refu la kijivu, halafu kofia ya sufu ambayo marehemu mkewe alimfumia, mwisho akatwaa mwavuli mweusi wenye mpini wa mti. Akatoka mpaka langoni, akasimama. Alitazama kwanza upande wa Kisii mjini, maana mvua za huko hupandia upande huo zikitoka ziwani. Alitazama moshi wa majiko unaelekea wapi. Alitazama kuku kama wameanza kurudi bandani. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akakiinua juu. Baada ya hayo yote alitazama ng'ambo ya bonde, kwenye kilima cha pili, palipokuwa na nyumba ya mabati katikati ya mikaratusi. Humo alilala kaka yake mkubwa, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi tangu kabla sisi hatujahamia Kebirigo.

"Leo haifai," angesema.

Kisha akarudi, akavua gambuti mlangoni, akazipanga sawasawa, akaingia ndani. Mara nyingi mvua yenyewe haikunyesha.

Mwanzoni nilimcheka, simfichi mtu. Ng'ambo hapakuwa mbali. Ungeteremka kwa njia ya katikati ya mashamba ya majani chai, ukavuka kijito kwa daraja la magogo, ukapanda kidogo kupitia nepia, yale majani ya ng'ombe, umefika. Mama mwenye kikapu cha ndizi kichwani alikwenda na kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Nikajisemea, huyu mzee ana mapafu mabovu, au ni uvivu wa pensheni. Siku moja nilimwonyesha simu yangu, ambayo ilichora jua la manjano kwa juma zima.

"Hiyo simu iko Nairobi, Mama Dawa," akaniambia. "Haijui Kebirigo. Na wewe usinifundishe mvua. Mvua ni yenu nyinyi watu wa ziwa, mnaitengeneza kule mnatuletea ikiwa imechafuka."

Hivyo ndivyo alivyonitania miaka yote. Radi ikipasuka, utamsikia dirishani kwangu: "Mama Dawa! Piga simu kwenu, uwaambie inatosha!" Na mimi nilimjibu kwamba nimepiga lakini wamezima. Alipenda majibu. Mtu aliyekaa kimya mbele yake alimwona mjinga au mgonjwa.

Na usidhani alikuwa mwoga wa maji. Hapo ndipo aliponichanganya. Rafiki yake wa chuo alipofiwa Nyansiongo, wakati wa baridi ile ya huko inayoingia mpaka kwenye meno, Mwalimu alikwenda mazishini katika mvua ya mawe iliyokuwa imelaza mahindi ya watu, akarudi amelowa mpaka shati la ndani, akiimba. Binti yake aliyeolewa Suneka alipojifungua, alitoka alfajiri katika ukungu ambao hata mbwa hawakutaka kutoka. Kanisani kwao Wasabato hakukosa ibada ya Jumamosi, kunyeshe kusinyeshe. Aliwahi kusimama nyuma ya mwinjilisti mgeni na kumfunika kwa mwavuli mahubiri mazima, huku mgongo wake mwenyewe ukichuruzika. Kwa watu wote wa dunia hali ya hewa ilifaa. Haikufaa kwa kilima kile kimoja tu.

Alikuwa na misemo yake ya mawingu, mingine ya watu wote, mingine nadhani aliitunga mwenyewe. "Dalili ya mvua ni mawingu," angesema, "lakini mawingu si mvua, mwanafunzi asiniletee wingu nimpe maksi ya mvua." Au: "Mvua haina shemeji," yaani haimwonei mtu haya. Aliwakaripia majirani waliofunika vioo kwa shuka radi ikilia, na waliomvua mtoto shati jekundu. Radi ni umeme, aliwaambia, nendeni mkasome. Akisimama kanisani kutoa neno, lazima angewapiga vijembe wanaokwenda kwa waganga. "Ukristo wa mchana na hirizi ya usiku!" Watu walicheka. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwa sababu dukani kwangu kila siku nilishindana na mizizi iliyosagwa.

Aliyenifumbua macho ni mkaza mwana wa yule mgonjwa. Mwana mwenyewe alifanya kazi mbali, kwa hiyo mwanamke huyu ndiye aliyemlea mkwewe, akamgeuza kitandani, akamlisha uji wa wimbi kwa kijiko. Alikuja kwangu kuchukua dawa za presha na za sukari. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila siku hiyo mvua ilimzuia dukani, tukakaa kwenye masanduku tukila karanga. Nikamwuliza kwa nini Mwalimu hafiki kwao.

"Hii watu hawajakuambia?" Akatazama mlangoni kwanza. "Wewe si wa hapa, sawa, nitakuambia. Baba mkwe alikuwa anafanya kazi Kericho kwa estate za majani. Anarudi mara moja moja. Mwalimu yeye alibaki nyumbani, alikuwa anasaidia mama mkwe na hii na ile. Sasa watu wakaanza kusema. Lisemwalo lipo. Mimi sijui, sikuwa nimeolewa. Lakini kwetu kuna kitu inaitwa amasangia."

Akanieleza. Kama ndugu wawili wamemjua mwanamke mmoja, na mmoja wao akaugua, yule mwingine asithubutu kumwona kitandani. Akimtia machoni tu, mgonjwa anakufa. Hapewi sumu wala haombewi mabaya. Anaonwa, basi.

"Mwaka ile alianguka, watu wote walikuja kumwona," akasema. "Walikuja mpaka wale hawasalimiani na sisi. Mwalimu peke yake hakuja. Na watu wakaona."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamkuta Mwalimu langoni, kidole kimeinuliwa juu, na kwa mara ya kwanza sikucheka. Niliyaelewa yote yale, koti, kofia na kuku. Akienda, na kaka yake akafa kwa lolote lile, hata kwa uzee, basi ni yeye amemwua na uzinzi umethibitika. Asipoenda, anaogopa nini kama ni msafi? Kila mlango ulikuwa umefungwa isipokuwa mmoja: mvua. Mvua haina ukoo, huwezi kuipeleka kwa chifu. Mtu aliyezuiwa na mvua hajakataa kwenda. Ni kwamba hajaenda bado. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa hamu ya chakula, na wakati huohuo nilimkasirikia, kwa maana kaka yake alikuwa anazidi kuisha na nafasi ya kuonana ilikuwa inaisha naye.

Tena mgonjwa mwenyewe alitaka aje. Hilo ndilo lililokuwa zito. Kila mara mkaza mwana alipokuja dukani alinipa salamu za kupeleka, na salamu zilikuwa zilezile: "Baba anasema umwambie Mwalimu, huku kwetu ni kukavu." Nikampelekea. Mwalimu angesikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani.

"Amesema kukavu?"

"Kukavu kabisa, Mwalimu."

"Yeye yuko chini ya bati. Atajuaje?"

Siku za ukungu zilikuwa mbaya zaidi. Bonde lile hujaa ukungu kutoka chini kwenda juu, polepole, mpaka kilima cha pili kinapotea na unabaki na lango lako na weupe. Ukungu huo unaleta sauti karibu. Unasikia mtu akipiga chafya ukadhani yuko uani kwako, kumbe yuko ng'ambo. Yule mgonjwa alikuwa ametundikiwa ringi ya gurudumu karibu na kitanda, aigonge kwa kijiti akihitaji maji, maana sauti yake ilikuwa imekwisha. Katika jua hukuisikia. Katika ukungu ililia kama imetundikwa kwenye mparachichi wetu. Tii. Halafu kimya. Tii.

Mara ya kwanza kuisikia hivyo nilitoka nje na mwiko mkononi nikimtafuta anayegonga. Nilimkuta Mwalimu langoni, amevaa yote, uso umeelekea kwenye weupe usioonyesha kitu. Ringi ikalia. Mwalimu akainua mwavuli wake, akagonga nguzo ya lango kwa mpini, mara moja. Ringi ikalia tena. Akagonga tena. Waliendelea hivyo muda mrefu, wazee wawili wasioonana, na mimi nimesimama nyuma yake na mwiko wangu. Nilitaka kuamini kwamba kaka mtu alikuwa anaomba maji tu, wala hasikii nguzo yetu. Lakini Mwalimu alipoacha kugonga, kule nako kukaacha.

Aligeuka akaniona. "Upepo umegeuka," akasema, akaenda kuvua gambuti. Siku hiyo majani ya migomba hayakutikisika hata moja.

Kuna siku moja tu alipoteremka. Ilikuwa Januari, wakati ardhi imepasuka na mbingu haina doa, hata yeye hakupata wingu la kusingizia. Nilikuwa natandaza nguo. Nilimwona akifungua lango, akatoka, akalifunga. Nikaacha nguo. Alitembea kama mtu anayepita juu ya mayai, akaingia kwenye majani chai, akabaki kofia tu, kisha kofia nayo ikazama kuelekea kijitoni. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu uani, na mume wangu akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Makofi hayajapoa, kofia ikarudi. Alipanda kilima chetu kwa haraka isiyomfaa mzee, akaingia lango, akashika nguzo. Koti lilikuwa kavu, gambuti kavu.

"Mvua," akasema.

"Mvua gani, Mwalimu?"

"Iko kule chini."

Nilitazama kule chini. Jua lilikuwa linawaka juu ya majani chai mpaka yanameremeta.

Kesho yake mkaza mwana alikuja kununua pamba. Jana, akaniambia, saa ile ya chai, mkwewe alianza kutokwa damu puani bila kuguswa na kitu. Ililowesha mto. Na huku damu inatoka, aliinua mkono wake mzima akasema kwa ile sauti yake iliyokwisha: "Kuna mtu anashuka mtelemko. Mwambieni asiogope, aje tu." Akatumwa mtoto atazame nje. Mtoto hakuona mtu. Baada ya muda damu ikakatika yenyewe, na mzee akageuzia uso ukutani akalia.

Presha hutoa watu damu puani. Hilo nalijua, ndiyo kazi yangu, na mgonjwa huyo alikuwa anaruka vidonge. Nilimpa mkaza mwana pamba na maneno makali kuhusu vidonge. Lakini sikumweleza Mwalimu habari ya damu, na naamini hakuna aliyemweleza. Hakuwa na haja. Alikaa ndani siku kadhaa, na alipotoka tena langoni, hakulowesha kidole. Alikuwa anasimama tu.

Mtu anaweza kuniuliza: hukumwuliza kama ni kweli? Sikumwuliza. Binti hamwulizi mzee kitu kama hicho kwetu, wala kwao. Lakini kuna jioni moja tulikuwa tunachambua mboga barazani kwake, mimi na yeye, kwani tangu afiwe na mkewe alipenda kuchambua mboga za watu. Akasema bila kuulizwa, macho kwenye majani ya chinsaga:

"Mama Dawa, mtu akifundisha kitu miaka thelathini, anakiamini?"

"Inategemea, Mwalimu."

"Mimi nimefundisha kwamba mvua haijui dhambi za mtu. Nikawapiga viboko waliosema inajua." Akatupa jani bovu. "Lakini kaka yangu ndiye alinibeba mgongoni kuvuka kile kijito kikifurika. Nikikosea hesabu hii, siwezi kufuta."

Hilo ndilo jibu nililopata, nami nikalichukua vile lilivyokuwa.

Basi ukaja msimu wa mvua ndefu, na mgonjwa akaanza kukataa chakula. Miguu ilikuwa imeharibika kwa sukari. Hospitali ya Kisii walisema ikatwe, yeye akasema anataka kuzikwa mzima. Akakataa vidonge, akakataa uji. Mkaza mwana alifika dukani asubuhi moja, macho mekundu, wala hakutaka dawa. Alisimama mbele ya meza akiwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Baba anasema, mwambie Mwalimu hivi: nimechoka. Aje anitazame."

"Aje amwone?"

"Hakusema kuona ya salamu. Amesema anitazame. Wewe ambia yeye hivyo hivyo."

Nilifunga duka. Njiani nilijaribu kuyalainisha maneno yale, nikashindwa, kwa hiyo nilimpa Mwalimu kama nilivyopewa. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha barazani. Mvua ilikuwa imeanza, kubwa, yenye mawe, inapiga bati mpaka tukalazimika kupaza sauti. Akasimama, akaingia kwenye mvua ile bila koti, bila mwavuli, miguuni ana viatu vya kanisani.

"Mwalimu! Ngoja ipungue!"

"Haitapungua," akasema. "Njoo nawe. Wewe huna ukoo hapa. Ukisema uliona hivi na vile, watakuamini."

Nikamfuata. Sitaisahau njia ile. Maji mekundu yalishuka pamoja nasi, mawe ya barafu yalinigonga kichwani, na mara mbili radi ilipiga mikaratusi ya juu kiasi kwamba tulinusa ubani wa majani yaliyoungua. Mwalimu hakuinua macho hata mara moja. Kwenye daraja la magogo nilimshika mkono, tukavuka.

Barazani kwa kaka yake walikuwa wamejaa. Mtu akikataa chakula watu huja. Waliketi kwenye benchi na viti vya kuazima, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na katikati alikuwa shangazi yao, bibi mkongwe wa mwisho aliyebaki katika kizazi cha baba zao. Tulipotokeza, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyetusalimu hata kwa bwakire. Mzee mmoja aliinuka nusu kana kwamba anataka kuziba mlango, kisha akakaa. Mkaza mwana ndiye aliyekuja, akampokea Mwalimu kwa mkono, akamwongoza ndani, nami nyuma yao na mfuko wangu wa dawa zisizo na kazi.

Chumba kilikuwa na giza na harufu ya spiriti. Mwalimu hakutazama kitandani. Alivuta kigoda, akakaa amempa mgongo mgonjwa, uso umeelekea mlango uliokuwa wazi, hivyo watu wote wa barazani walimwona usoni na kaka yake alimwona kisogoni. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kichwani mpaka sakafuni. Walizungumza Ekegusii, ambayo kufikia wakati huo nilikuwa naielewa vya kutosha.

"Umekuja," mgonjwa akasema.

"Nimekuja, kaka."

"Umelowa?"

"Kidogo."

"Geuka basi."

"Kaka, Kisii kuna daktari mpya wa miguu. Huyu Mama Dawa anamjua. Tutakodi gari."

"Geuka."

"Unajua nikigeuka..."

"Mambo hayo nilikufundisha mimi, tukichunga ng'ombe. Ulikuwa unalia ukiogopa kwenda haja peke yako." Alipumua kwa shida, tukangoja. "Miguu yangu imekufa. Nimebaki mimi tu, sina njia ya kuondoka. Njia yangu ni wewe. Nimekuita na kukuita."

"Watu wako mlangoni, kaka."

"Wao wanakutazama wewe. Mimi nakuomba unitazame mimi."

Mwalimu alishika magoti yake. Uso wake ulikuwa umekunjika kama wa mtoto anayejizuia. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Na kama ni uongo wa wazee tu? Nigeuke na usife?"

"Basi utakuwa umeninyima ndugu miaka yote hii kwa bure. Marehemu mke wangu aliniambia mwenyewe kabla hajaondoka. Nilimsamehe palepale. Wewe hukunipa nafasi ya kukusamehe, kila siku ulikuwa na mvua."

Alikusanya sauti yote iliyombakia ili hayo yafike nje, na yalifika, kwa sababu niliona vichwa vikiinama. Siri iliyokuwa imesemwa chini kwa chini miaka mingi ilikuwa imetamkwa na mwenye haki nayo. Mwalimu angeweza kuinuka na kutoka. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na asingekuwa wa kwanza kufanya hivyo. Nilitaka atoke na nilitaka ageuke.

Akageuka. Alifanya hivyo polepole, akikishika kile kigoda, kwanza mabega, kisha shingo, na mwisho macho. Wakatazamana.

"Umezeeka," kaka yake akasema.

"Wewe je?"

Mgonjwa akacheka. Kicheko kile kilitoka kifuani kama kikohozi, nacho kikamwambukiza Mwalimu, wakacheka wote wawili na machozi yanashuka. Mwalimu akasogeza kigoda mpaka kitandani. Akachukua kikombe, akamnywesha maji, na yale yaliyomwagika kidevuni akayapangusa kwa kiganja chake. Akakishika kichwa cha kaka yake akakilaza vizuri. Hawakuongea tena neno nililolisikia. Mwalimu hakuondoa macho yake usoni pale, kana kwamba alikuwa anaogopa kupepesa. Na mgonjwa naye alimtazama, akatulia, akazidi kutulia, mpaka mkaza mwana akanishika bega, nami nikainama nikatafuta mapigo mkononi, kisha shingoni. Mvua ilikuwa bado inapiga bati.

Mtu asiyekula wala kumeza dawa, figo zake zimechoka, ataondoka wakati wowote. Ningeyaeleza hivyo popote, na ningekuwa sahihi. Lakini nilikuwa nimesimama katika chumba kile, nikaliona jicho moja likimsindikiza mtu taratibu mpaka mlangoni, na vinyweleo vya mikono yangu vilisimama, na sitajifanya kwamba havikusimama.

Mwalimu alimfumba macho kaka yake. Akasimama, akaenda mpaka kizingitini, mbele ya watu wote. Wangeambiwa na mkaza mwana, au wangeambiwa na mimi, niliyeletwa kwa kazi hiyo. Hakutusubiri.

"Nimemwona," akasema.

Kwao hakuna ungamo lililo wazi kuliko hilo. Wanaume walitazama miguu yao. Mwanamke mmoja alivuta shuka akajifunika kichwa. Yeye alibaki amesimama, viatu vyake vya kanisani vimejaa tope, akingoja chochote ambacho wangemfanyia, na nadhani angekipokea.

Yule shangazi mkongwe ndiye aliyetikisika. Alisogea kwenye benchi kwa shida, sehemu kwa sehemu, mpaka pakapatikana nafasi kando yake. Akaipiga kwa kiganja.

"Keti," akamkaripia. "Si ni ndugu yako amekufa?"

Mwalimu akaketi, akalia, na tukamwacha alie.